Waya wa Gia na Springi Iliyozidi

Jumatatu, 4 Machi

Barua imefika! Mke wangu amepata kazi. Mwalimu wa darasa la kwanza, shule ya juu mlimani, mwezi mmoja wa majaribio, kuanza Jumatatu ijayo. Ameisoma akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena. Miaka sita amelea mapacha na vyeti vyake vimelala chini ya godoro. Leo kavitoa na kuviweka mezani. Vina umbo la mgongo wangu.

Sharti ni moja tu. Lango hufungwa saa moja kamili. Mwalimu mkuu husimama mwenyewe chini ya saa ya langoni, na mwalimu wa majaribio akichelewa hata siku moja, anarudishwa nyumbani na barua nyingine. Mke wangu amesema hana wasiwasi, baiskeli anayo.

Hapo nikakohoa.

Ukweli ni kwamba asubuhi baiskeli ilikuwa na mimi. Nilitumwa mkate. Njiani nikawa nabadilisha gia bila sababu, juu, chini, juu, maana napenda mlio wake. Tik, tik, tik. Nilikuwa najiona nashuka bonde refu lenye ukungu, na watu wameacha shughuli zao wananitazama. Tik, tik, pwa! Waya wa gia umekatika. Mnyororo ukaangukia jino dogo kabisa la nyuma, kile kigurudumu cha meno cha gia nzito ya mteremko, na hapo ukagoma. Kupanda mlima kwa gia hiyo ni sawa na kupanda umebeba kabati.

Mke wangu amesema si kitu, nimpelekee Fundi Mluzi pale kona, kazi ya dakika kumi. Fundi Mluzi! Mtu aliyemtumia barua ya posa mke wangu kabla sijatokea! Mama mkwe, ambaye sasa tunaishi naye, husema hadi leo kwamba mwandiko wa barua ile ulikuwa mzuri. Na jamaa mwenyewe anapiga mluzi kutwa, kama mtu asiyejutia kitu. Nimetangaza mbele ya wote: waya nitaubadilisha mimi. Jumapili baiskeli itakuwa tayari. Mama mkwe akasema mtu hujikuna ajipatapo. Nimemshukuru kwa kuniunga mkono.

Jioni nimekaa uani, macho nusu wazi. Nimemwona mke wangu akipanda mlima, mtandio unapepea, gia zinaimba. Langoni mwalimu mkuu anamuuliza nani aliyeitengeneza baiskeli hii. Anajibu: mume wangu. Sehemu hiyo nimeirudia mara nne.

Jumanne, 5 Machi

Ofisini. Kazi yangu ni kutunza ramani. Droo mia mbili na kumi, mito na miji imelala humo kimya, hakuna anayekuja kuiulizia. Leo nimeitoa ramani ya mlima wetu. Mistari ya mwinuko imebanana karibu na shule kama alama za kidole gumba. Nimepitisha kidole polepole kutoka mlangoni kwetu hadi kwenye lango. Nilipofika nilikuwa nahema. Mkuu wa idara kapita, kauliza nafanya nini. Nimesema nakagua.

Bahati! Kabati la kona lina mguu mmoja mfupi, na miaka yote limeinuliwa na kijitabu. Leo nimeinama kukitazama. Matengenezo ya baiskeli! Nimekichomoa. Kurasa za mwanzo zimeliwa na mende, kinaanzia hatua ya nne, lakini hilo halinisumbui. Hatua tatu za kwanza za kitabu chochote ni maneno ya kukaribisha wageni. Nawa mikono, andaa vifaa, tulia. Mimi ni mtulivu tangu kuzaliwa.

Kabati limeinama kidogo.

Nimepitia duka la vipuri. Mwenye duka akauliza nataka waya wa gia au wa breki. Swali la kitoto, waya ni waya. Nimechagua wenye kichwa kinene kuliko wote. Kichwa kinene ni dalili ya nguvu.

Jumatano, 6 Machi

Nimeanza kazi saa kumi jioni, uani, jua likiwa la dhahabu ukutani. Mama mkwe kwenye kiti chake, anachambua maharage.

Kijitabu kinasema: sukuma kichwa cha waya wa zamani kitoke kwenye tundu lake. Tundu nimeliona, pale kwenye kile kidude cha usukani kinachobonyezwa kwa dole gumba. Kichwa sikukiona. Nimesukuma. Nimebembeleza. Kimekataa katakata. Basi nikafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya, nikafungua kidude chenyewe kwa bisibisi.

Sitasahau. Kwanza kimya. Kisha vitu vikaruka! Springi tatu, visahani viwili, na kitu kidogo cheusi ambacho hadi sasa sijui kilitoka upande gani. Springi moja imetua kwenye maharage. Mama mkwe kaiokota kwa vidole viwili, akauliza kwa upole kama nayo inachambuliwa.

Lakini waya wa zamani umetoka! Nimerudisha vyote. Vyote isipokuwa springi moja ndogo, nyembamba, iliyobaki kwenye kiganja changu ikimeta. Nimefikiri sana. Nadhani kiwandani walizidisha, kwa tahadhari. Nimeitia mfuko wa shati, iwe ya bahati.

Waya mpya haukuingia. Kichwa kinene mno. Mama mkwe, bila kuinua macho, akasema huo ni waya wa breki. Nimemuuliza kajuaje. Kasema marehemu mume wake alikuwa na baiskeli, na alikuwa na masikio pia.

Mke wangu amerudi magharibi akiwa na vumbi hadi magotini. Alikwenda kupima mlima kwa miguu. Umemchukua saa moja na robo, na gizani kabla ya alfajiri njia ile haipitwi na mtu peke yake. Akauliza kama nimemaliza. Nimesema nimefika hatua ya saba, jambo ambalo kwa mujibu wa kijitabu ni kweli.

Alhamisi, 7 Machi

Duka la vipuri tena. Nilikuwa nimejiandaa na maelezo marefu kuhusu waya wa juzi. Mwenye duka hakuuliza chochote. Alinipa tu waya wa gia, kichwa kidogo, kama anampa dawa mgonjwa. Imeniuma.

Kosa dogo la leo. Waya ulikuwa mrefu kupita kiasi, na mimi sipendi uchafu. Nikaukata kwanza, sawasawa na urefu wa baiskeli, ndipo nianze kuupitisha kwenye ala yake, kile kibomba cheusi unamopita. Nimeukata kwa kisu cha mkate. Ncha yote imefumuka ikawa ufagio. Ufagio haupiti kwenye tundu la sindano. Nimeilamba ncha, nimeipaka sabuni, nimeisokota. Haikwenda. Waya wa tatu basi. Safari hii nimemtuma mama mkwe, nikamwomba asitaje ni wa nani. Kasema mwenye duka alimkabidhi kabla hajafungua mdomo.

Kisha nimekaa na waya mpya mapajani. Ni kitu kizuri, waya mpya. Mwembamba, wa fedha, unateleza vidoleni na kujikunja wenyewe. Nimewaza jinsi uzi mdogo hivi unavyoweza kumbeba mwanamke mzima hadi juu ya mlima. Upepo ulikuwa mwororo. Nguo kwenye kamba zilikuwa zinapumua. Nimemwona mke wangu langoni, mwalimu mkuu anauliza nani aliyeitengeneza, na safari hii wanafunzi wote wamepanga mstari na kuna matarumbeta.

Nimezinduka giza likiingia. Waya ulikuwa umenizunguka mguu. Kazi itaendelea.

Ijumaa, 8 Machi

Ujasusi! Nimegundua kwamba kinachonikosesha ushindi si ujuzi, ni zile hatua tatu zilizoliwa na mende. Mtu anayezijua yuko pale kona. Kumuuliza siwezi, bora nife. Lakini macho hayana pazia, na kutazama si kuuliza.

Saa ya mapumziko nimechukua ramani kubwa kabisa ya ofisi, nikasimama mbele ya kibanda cha Fundi Mluzi, nimeikunjua usoni kama mtu anayepima barabara. Nilikuwa nimetoboa tundu la kuchungulia, pale penye mto. Bahati ikanipenda. Mteja kaleta baiskeli, waya wa gia umekatika, kama wangu!

Fundi kaigeuza baiskeli. Kachukua waya. Kaanza mluzi. Sasa, nitasema kweli kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Mluzi ule ni mzuri. Ulianza chini, ukapanda taratibu, ukakaa huko juu ukitetemeka. Nikajikuta niko mahali pengine kabisa, kwenye nyasi ndefu, nimelala chali, mawingu yanapita yana majina ya droo zangu. Niliporudi duniani mteja alikuwa anaondoka, gia zinalia tik, tik.

Fundi akaniamkia kwa heshima, akasema ramani nimeishika juu chini. Kisha, bila kuulizwa, akanipa ushauri. Kasema mtu anayebadilisha waya, kabla hajagusa kitu, abonyeze kile kidude hadi gia ya mwisho, pale waya unapolegea kabisa. Kichwa kitajitokeza chenyewe tunduni. Asifungue kidude kwa hali yoyote. Akaniomba nimsalimie mama mkwe. Nimemjibu kwamba ndiyo, mvua inaweza kunyesha.

Asifungue kidude! Maneno ya watu wanaotaka siri zao zisijulikane.

Ofisini nimekuta kabati la kona limelala kifudifudi. Mkuu wa idara anataka maelezo ya maandishi.

Jumamosi, 9 Machi

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Waya umeingia kwenye kidude, umepita kwenye ala, umetokea nyuma, nimeukaza na nati kwa nguvu zangu zote. Nimewaita wote. Nimebonyeza kidude. Hakikulia tik. Kilikwenda mbele na kurudi, mbele na kurudi, legelege kama shingo ya kuku mgonjwa. Mama mkwe akauliza kama ile springi ya bahati haina uhusiano wowote na jambo hili. Nimesema hapana.

Nikafikiri. Na hapo, lo, wazo likanijia zima! Mke wangu anakwenda wapi? Juu. Anarudi wapi? Chini. Kupanda kunataka gia nyepesi tu, na kushuka hakutaki gia yoyote, mtu anakaa tu. Gia nyingine ni mapambo! Nimeuvuta waya kwa mkono hadi mnyororo ukapanda jino kubwa, ile gia nyepesi kuliko zote, nikaufunga hapo hapo. Kidude kikae, kibonyezwe kikipenda.

Nimejaribu mwenyewe. Miguu ilizunguka kama feni na baiskeli ikaenda kwa mwendo wa konokono, lakini ilienda. Nimepita lango letu. Nimeanza kupanda kimlima cha jirani. Nilikuwa mwepesi! Nilijihisi naota mabawa, nikafumba macho kidogo, si sana. Nati ikaachia. Waya ukachomoka kama mjusi, mnyororo ukadondoka hadi jino dogo, pedeli zikawa mawe, na mimi nikaingia kwenye nguo za jirani zilizoanikwa. Nimetoka humo nimevaa shuka.

Mke wangu alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka mlimani. Ameenda tena kwa miguu, mara ya tatu wiki hii. Nilitegemea atapiga kelele. Hakupiga. Amekaa kizingitini akavua viatu. Kisigino kimechubuka. Akasema mlima haumtishi. Kinachomtisha ni kurudi kupitia mtaa huu saa mbili asubuhi, na kila mtu akijua kwa nini amerudi. Akasema alishaanza kuwaota watoto wa darasa lake, hata sura zao.

Sikujua kama naye anaota. Miaka yote hii nilidhani niko peke yangu.

Nimeona aibu. Naandika hivyo hivyo, aibu. Nimemwambia kesho alfajiri nitamaliza. Akasema sawa, Baba Mapacha. Mimi naiogopa hiyo sawa kuliko ugomvi.

Jumapili, 10 Machi

Nimeamka, baiskeli haipo uani. Nimetoka mbio na ndara zisizofanana. Wako njiani, mke wangu anaikokota, mama mkwe nyuma na kopo la nati. Hakuna aliyenigeukia. Nimewafuata kwa umbali wa hatua kumi, kama mtu wa ukoo mwingine.

Fundi Mluzi hafanyi kazi Jumapili, lakini amefungua. Akabonyeza kidude mara moja. Akakitazama. Akauliza, bila kejeli hata kidogo, springi yake iko wapi.

Wote walinitazama. Nimeingiza mkono mfuko wa shati. Kuitoa springi ile na kuiweka kwenye kiganja cha mtu yule ni jambo gumu kuliko yote niliyofanya tangu nioe. Ameipokea kwa mikono miwili. Akairudisha mahali pake, akabonyeza hadi gia ya mwisho, akausukuma waya, kichwa kikatokea chenyewe. Yote kama alivyosema. Dakika kumi na nne, nilihesabu, siyo kumi.

Mwishoni kabaki na kikofia kidogo cha bati kinachovishwa ncha ya waya ili isifumuke. Akanipa mimi koleo, akasema hilo nimalizie. Nimekibana. Nimekibana vizuri sana.

Nikamuuliza, kwa sauti ya kawaida, kuhusu ile barua ya posa. Kacheka hadi kashika meza. Kasema mwaka ule alituma barua kama hiyo nyumba tatu, zote za mwandiko wa dada yake. Mama mkwe hakufurahi.

Tumerudi pamoja. Mke wangu kapanda baiskeli taratibu kando yetu. Tik, tik, tik. Nimetembea nimeufuata mlio ule hadi nyumbani na sikumbuki nilikanyaga wapi.

Jumatatu, 11 Machi

Ametoka saa kumi na mbili na robo. Mama mkwe kawapeleka mapacha chekechea, mimi nikawahi ofisini, jambo ambalo bawabu amelishangaa. Dirisha la chumba cha ramani linatazama mlima. Nimesimama hapo. Ukungu ulikuwa mwembamba. Kisha nikaiona, nukta moja yenye mtandio wa kijani, kwenye ile mistari iliyobanana. Ilikuwa inapanda. Haikusimama hata mara moja. Nilifumbua macho yote mawili, maana kwa mara ya kwanza kile nilichokuwa nakiona kilikuwepo kweli.

Amefika dakika kumi na moja kabla ya lango kufungwa! Amerudi jioni sauti imekauka kwa kufundisha, chaki hadi kwenye nyusi, na anacheka. Watoto arobaini na mbili. Mmoja amemwita bibi.

Kisha akanisimulia. Mwalimu mkuu alikuwa pale chini ya saa. Akasema kwa kawaida huzisikia baiskeli za walimu zikikwaruza tangu chini ya mlima, lakini hii imepanda kimya kama paka. Akauliza nani aliyeitengeneza.

Mke wangu kamjibu: mume wangu.

Alinisimulia huku anaosha uso, kama jambo dogo. Nimetoka nje hadi uani nikatazama kamba ya nguo kwa muda. Hakukuwa na nguo.

Niliporudi palikuwa na kitu mezani kimefungwa kwa taulo. Ni saa ya langoni. Mwalimu mkuu kasema inachelewa dakika mbili kwa siku, na maadamu mwalimu mpya ana mume fundi, basi aiangalie yeye. Mke wangu kasema alishindwa kukataa, ila kesho akitoka shule ataipeleka mwenyewe kwa fundi saa, na mimi nisiiguse. Kasema mara tatu. Nimejibu sawa mara tatu. Kisha akaenda kuoga.

Nimeitazama tu. Ni saa nzuri, na inasema tik, tik, tik. Nimewaza walimu wote wamesimama chini yake asubuhi, na mtu anauliza. Fundi saa wa mjini ana haraka, siyo mtu wa kuielewa saa ya namna hii. Na dakika mbili ni nini? Bila shaka skrubu moja imelegea. Nimefungua kifuniko cha nyuma, basi, kuchungulia.

Nimeshakifunga. Saa imenyamaza kidogo, nadhani inapumzika. Springi moja imebaki mezani, ndogo, nyembamba, inameta. Nimefikiri sana. Nadhani kiwandani walizidisha.